Mti wa Thika na Kisiwa cha Manda

Nilipopanda gari Nairobi kwenda Thika, mwendo wa kilomita 40 na ushei, nilidhani nakwenda kutazama mti tu, kisha nirudi kwetu Lamu.

Tulipopita Ruiru, mzee niliyekaa naye alinionyesha upande uliosalia mibuni. "Babangu alichuma kahawa huku kwa Mzungu," akasema. "Kuipanda kwake mwenyewe hakuruhusiwa." Basi mzizi wa vita vya Mau Mau ndio huo: ardhi, na jasho lisilo na fungu. Tarehe 20 Oktoba, 1952, serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari.

Mzee alikuwa akirudi kwao Thika, akanichukua hadi Bustani ya Mugumo. Mugumo ni mti wa jamaa ya mkuyu, na Wakikuyu tangu kale waliuheshimu kuwa ni pahali pa ibada. Yasimuliwa kwamba mtabiri wao, Mugo wa Kibiru, alisema siku mugumo wa Thika utakapoanguka, utawala wa Mwingereza utakwisha. Yasimuliwa pia kwamba wakoloni, pamoja na kuucheka utabiri huo, waliuzungushia mti chuma usianguke! Mwaka 1963 radi ikaupiga, ukapasuka. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba, mwaka huo huo, bendera ya Uingereza ikateremshwa.

Sisi Waislamu twajua kuwa ya ghaibu ni ya Mola peke yake. Lakini sikwenda kupima utabiri. Nilikwenda kuona watu walivyotunza amana.

Mzee akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Lamu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Babangu alifungwa Manda."

Manda! Kisiwa tukionacho kila asubuhi, ng'ambo ya mlango wa bahari. Utotoni tuliambiwa kwamba wafungwa wale wa bara walikuwa watu wabaya, basi. Hata kabla yao, Harry Thuku, aliyekamatwa mwaka 1922, alihamishiwa Kismayu, pwani hii hii. Nilikosa la kusema. Nikampa mkono tu.

Watu wa Thika wamekitunza kipande chao cha kisa hiki. Kipande kingine kiko kwetu. Mtoto wa Lamu akiuliza habari za Manda, tutamwambia nini?