Gari la Umeme Kisiwani Mombasa Litachajiwa Wapi?

Shimanzi, mtaa wa kisiwani Mombasa, inaishi kwa mafuta. Meli hushusha bidhaa za petroli kwenye gati lake, matangi yamejipanga nyuma ya kuta, na malori huingia na kutoka. Mwenye gari la petroli hana haja ya kuuliza atajaza wapi. Mwenye gari la umeme hana budi kujua mapema atachaji wapi, kwa plagi gani na kwa muda gani.

Waliotangulia ni watu wa boda boda. Tarehe 1 Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua mjini Mombasa mpango wa kitaifa wa usafiri wa umeme, pamoja na pikipiki za kampuni ya Spiro. Dereva wa pikipiki hizi hangojei chaji. Anafika kituoni, betri iliyokwisha inatolewa, anawekewa iliyojaa, analipa na kuondoka baada ya dakika chache. Betri ni mali ya kampuni, na hilo humpunguzia gharama ya kununua pikipiki. Hata hivyo, betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye pikipiki ya nyingine, kwa hiyo kabla ya kununua ni vyema ahesabu vituo vilivyo karibu na steji yake.

Betri ya gari haibadilishwi kirahisi hivyo. Njia ya kwanza ya kulichaji ni soketi ya kawaida ya ukutani, ambayo hutoa kilowati mbili hadi tatu. Nissan Leaf za awali, zenye betri ya uniti (kilowati-saa) 24, huhitaji usiku mzima. Njia ya pili ni chaja ya ukutani au ya nguzo, ya kilowati 7 hadi 22, inayomaliza kazi kwa saa chache. Ya tatu ni chaja ya kasi, ya kilowati 50 au zaidi, ambayo huifikisha betri kama hiyo asilimia 80 kwa nusu saa hivi. Hapo plagi ni jambo la kuangaliwa: Leaf kutoka Japani hutumia CHAdeMO, magari mengi ya China GB/T, na ya Ulaya CCS2.

Kasi humfaa anayekwenda Nairobi, karibu kilomita 480. Kisiwani masafa ni mafupi. Kutoka Shimanzi hadi Mji wa Kale ni kilomita chache tu, na hata Mtwapa, nje ya kisiwa, kwenda na kurudi hazifiki 50. Linalohitajika zaidi hapa ni mahali pa gari kulala penye stima.

Na usiku una nafuu. Mwaka 2023, EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi na petroli, ilianzisha bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa za matumizi madogo, zikiwemo saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi. Kabla ya kodi na tozo, uniti 24 ni shilingi 384 kwa bei ya kwanza na 192 kwa bei ya usiku.

Nafuu hiyo haimfikii kila mtu. Vichochoro vya Mji wa Kale havina nafasi ya gari kulala mlangoni. Mpangaji wa ghorofa ya tatu kule Majengo naye asithubutu kuteremsha ekstensheni dirishani, maana waya mwembamba unaobeba mzigo mzito kwa saa nyingi hupata moto. Shimanzi, kwa upande wake, ina nyua za maghala ambako tuktuk na magari madogo ya mizigo yangeweza kuchajiwa usiku, mradi chaja ziwekwe mbali na matangi ya mafuta na kufungwa na fundi mwenye leseni.

Serikali ya Kaunti ya Mombasa tayari inatoza ada za maegesho barabarani. Ikitenga nafasi chache zenye nguzo za kilowati 7 karibu na Mji wa Kale na Mwembe Tayari, wakazi wasio na ua wala gereji nao watapata mahali pa kuchaji.