Chemchemi za Maji Moto Kilindini: Kemia Moja Hulisha Uhai na Kujenga Madini

Na Mwandishi Wetu

Katika Bahari ya Hindi, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Rodrigues ambacho ni sehemu ya Mauritius, kuna eneo la sakafu ya bahari liitwalo Kairei. Eneo hilo lipo katika kina cha zaidi ya mita 2,400, ambako mwanga wa jua haufiki kamwe. Maji yenye joto la takribani nyuzi 360 za Selsiasi hufoka kutoka kwenye miamba yake, na pembezoni mwa maji hayo kamba, konokono na kome wanaishi kwa makundi makubwa. Watafiti wa Japani walilifikia eneo hilo mwaka 2000, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa jamii ya viumbe wa chemchemi za aina hiyo kuonekana katika Bahari ya Hindi.

Katika taarifa zinazohusu uchumi wa buluu, wananchi wamekuwa wakisikia habari za madini ya sakafu ya bahari na mikataba ya kimataifa ya bahari kuu. Makala haya yanaeleza kinachotokea katika chemchemi hizo, viumbe wake wanapata wapi chakula pasipo jua, na kwa nini uamuzi wowote kuhusu madini yake ni uamuzi kuhusu uhai wake pia.

Maji yanavyopikwa chini ya bahari

Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea polepole. Pale ambapo mabamba mawili yanaachana chini ya bahari, mawe yaliyoyeyuka hupanda kutoka chini na kuunda safu ndefu za milima. Safu ya Bahari ya Hindi huendelea kaskazini hadi Ghuba ya Aden na kukutana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki katika eneo la Afar. Kwa hiyo nguvu zinazochemsha maji ya kilindini na zile zinazopasua bara letu zina uhusiano wa karibu.

Maji ya bahari hupenya kwenye nyufa za miamba hiyo na kushuka hadi karibu na mawe yenye moto. Huko hupoteza magnesi na salfeti yaliyokuwa nayo, hugeuka kuwa tindikali, kisha huyeyusha chuma, shaba na zinki kutoka kwenye mwamba. Hubeba pia haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza, pamoja na gesi ya haidrojeni inayotokana na maji kukutana na aina fulani za miamba. Maji ya Kairei yanajulikana kwa wingi wa haidrojeni.

Juu ya nchi kavu, maji yenye joto hilo yangekwisha kuwa mvuke. Katika kina cha Kairei, mgandamizo wa bahari ni karibu mara 240 ya ule wa hewa tunayovuta, nao huyazuia yasichemke. Maji hayo hupanda kwa kasi na kutokea katika bahari yenye baridi ya nyuzi chache tu. Yanapopoa ghafla, metali zilizoyeyuka huungana na salfa na kuwa chembe nyeusi zinazofuka kama moshi. Sehemu ya chembe hizo hugandamana kuzunguka tundu na kujenga dohani za mawe. Ndiyo maana chemchemi hizo huitwa dohani nyeusi.

Dohani hizo ni madini yanayokua. Ndani yake kuna salfaidi za chuma, shaba na zinki, na baadhi huwa na fedha na dhahabu.

Chakula pasipo jua

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa kilindi cha bahari hutegemea mabaki ya chakula yanayodondoka kutoka juu. Mwezi Februari 1977, wanajiolojia waliotumia nyambizi ndogo iitwayo Alvin walishuka kiasi cha mita 2,500 karibu na visiwa vya Galápagos, katika Bahari ya Pasifiki. Walikuwa wakitafuta maji moto. Waliyapata, lakini walikuta pia chaza na minyoo mikubwa kwa wingi ambao hawakuutarajia. Msafara huo haukuwa na mwanabiolojia hata mmoja.

Jibu la fumbo hilo lilipatikana katika vijiumbe visivyoonekana kwa macho. Mimea hutumia nishati ya jua kutengeneza chakula kwa hewa ukaa na maji, kazi iitwayo usanisinuru. Vijiumbe vya chemchemi hutengeneza chakula kwa hewa ukaa pia, ila nishati yao hutoka katika mabadiliko ya kemikali. Kazi hiyo huitwa usanisikemia.

Zipo njia kuu mbili. Katika njia ya kwanza, bakteria huunganisha haidrojeni salfaidi inayotoka ardhini na oksijeni iliyomo katika maji ya bahari, na nishati inayopatikana huitumia kujenga miili yao. Oksijeni hiyo ilizalishwa na mimea na vijiumbe vinavyopata mwanga, hivyo hata hapa jua lina mchango wake wa mbali.

Njia ya pili haihitaji oksijeni kabisa. Baadhi ya arkea, kundi la vijiumbe lililo tofauti na bakteria, huchukua molekuli nne za haidrojeni na moja ya hewa ukaa, kisha hutoa molekuli moja ya methani na mbili za maji. Tofauti ya nishati kati ya kilichoingia na kilichotoka ndiyo inayowaweka hai. Arkea mmoja wa aina hiyo, aliyepatikana Kairei, aliweza kuongezeka katika maabara kwenye joto la nyuzi 122 chini ya mgandamizo mkubwa, kama watafiti wa Japani walivyotangaza mwaka 2008. Kwa kulinganisha, maji ya kupikia ugali hapa Pwani huchemka kwenye nyuzi 100.

Hakuna kiumbe anayeishi ndani ya maji ya nyuzi 360. Uhai umo katika mpaka mwembamba ambapo maji ya moto yanachanganyika na ya baridi, kwenye kuta za dohani na katika nyufa zake. Mpaka huo ukihama au kuzimika, chakula nacho hukoma.

Konokono mwenye magamba ya chuma

Wanyama wakubwa wa chemchemi wamejifunga kwa vijiumbe hivyo. Mwaka 1981, Colleen Cavanaugh na wenzake walionyesha kuwa mnyoo mkubwa wa Pasifiki, asiye na mdomo wala utumbo, hulishwa na bakteria wanaoishi ndani ya mwili wake. Kamba wa Kairei nao hufuga bakteria ndani ya vichwa vyao, katika nafasi iliyo karibu na mashavu ya kupumulia.

Anayeshangaza zaidi ni konokono mwenye mguu uliofunikwa kwa magamba. Bakteria wanaomlisha wamo katika tezi iliyokuzwa ya koo lake, na moyo wake ni mkubwa kupita kiasi ukilinganishwa na mwili. Kwa konokono wa Kairei, magamba na gamba la nje vimepakwa salfaidi ya chuma, ile ile inayojenga dohani anayoishi kandoni mwake. Mnyama huyu amevaa madini.

Mwaka 2019, konokono huyo aliingizwa katika Orodha Nyekundu ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile akiwa katika daraja la walio hatarini kutoweka. Wakati huo alijulikana kuwepo katika maeneo matatu tu, yote katika Bahari ya Hindi. Sababu iliyotajwa ilikuwa uwezekano wa uchimbaji wa madini katika makazi yake.

Nani mwenye kauli?

Kairei ipo nje ya mipaka ya nchi yoyote. Kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, sakafu ya bahari iliyo nje ya mamlaka ya nchi pamoja na madini yake ni urithi wa pamoja wa wanadamu. Madini hayo husimamiwa na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari yenye makao yake Kingston, Jamaica. Tume iliyoandaa kuanzishwa kwa Mamlaka hiyo ilipoanza kazi mwaka 1983, mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Joseph Sinde Warioba.

China, Korea Kusini, Ujerumani na India zina mikataba na Mamlaka hiyo ya kutafiti salfaidi za metali katika Bahari ya Hindi. Hiyo ni mikataba ya utafiti. Kanuni za uchimbaji wa kibiashara zilikuwa bado zinajadiliwa hadi mwaka 2025.

Wapo wanaopendekeza kuwa uchimbaji ukiruhusiwa uelekezwe kwenye dohani zilizozimika, ambako wanyama wanaotegemea maji moto wamekwisha kuondoka. Pendekezo hilo lina uzito, lakini halimalizi hoja. Vumbi la uchimbaji linaweza kusafiri na mkondo wa maji hadi kwenye dohani zilizo hai, na dohani zilizozimika zina vijiumbe na wanyama wake ambao hawajachunguzwa vya kutosha.

Utajiri mwingine ni wa vinasaba. Kijiumbe cha jamii ya Pyrococcus kilichochukuliwa katika kina cha mita 2,010 kwenye Ghuba ya California, Mexico, kilitoa kimeng'enya kinachostahimili joto kali na kinachotumika katika maabara kunakili vinasaba. Kiumbe kama hicho kikipatikana ndani ya maji ya nchi, nchi hiyo ina haki ya kusema. Je, kikipatikana Kairei?

Swali hilo ndilo lililozaa Mkataba wa Uhifadhi na Matumizi Endelevu ya Bioanuwai ya Bahari katika Maeneo Yaliyo Nje ya Mamlaka ya Nchi, uliopitishwa mwaka 2023 na kuanza kutumika tarehe 17 Januari 2026. Mkataba huo unaweka misingi ya kugawana kwa haki manufaa ya vinasaba vya bahari kuu, kutenga maeneo ya hifadhi, kufanya tathmini ya athari kwa mazingira, na kuzijengea nchi zinazoendelea uwezo wa kiteknolojia. Uchimbaji wa madini wenyewe unabaki chini ya Mamlaka ya Kingston.

Mwananchi anaposoma tangazo kuhusu vyombo hivi viwili, ni vyema akumbuke kuwa vinazungumzia mahali pamoja. Salfa inayoungana na shaba na zinki za thamani ni salfa ile ile inayowalisha bakteria, kamba na konokono. Kilindini hakuna mstari unaotenganisha mgodi na shamba. Kwa sababu urithi huo ni wa wanadamu wote, Mtanzania naye ni mmoja wa warithi, na ana haki ya kuuliza ni kipi kitachukuliwa, kipi kitabaki, na nani atanufaika.