Mbegu za Milimani Mbele ya Lenzi

Ua la driasi likishapukutisha petali zake nyeupe, ambazo kwa kawaida ni 8, watembeaji wengi wa milima ya Alps hulipita bila kulitazama tena. Hapo ndipo mpiga picha anapopaswa kupiga magoti. Kila mbegu imeota mkia wa sentimita 2 hadi 3, umejaa manyoya laini. Mwanzoni mikia hiyo husokotana kama kamba. Ikikomaa hufumuka, ikawa kishungi cheupe kinachosubiri upepo.

Upepo huohuo ndio unaotutesa. Mmea umeumbwa upeperushwe, sisi tunataka utulie. Ukisogea mpaka mbegu ionekane kwenye sensa ya kamera kwa ukubwa wake halisi, eneo linalotoka wazi, hata kwa tundu la f/8, lina kina cha milimita 1 hivi. Kishungi kikitikisika kidogo tu, fokasi imepotea. Wengi hukimbilia kubana tundu hadi f/22. Mimi sishauri hivyo: kwa ukaribu huo mwanga hutawanyika ukipita kwenye tundu dogo, picha nzima ikafifia ukali wake, na tena shata italazimika kukaa wazi muda mrefu zaidi.

Afadhali uchague saa. Alfajiri hewa imetulia, lakini umande umeyalaza manyoya. Jua likipanda, miteremko hupata joto na upepo huanza kupanda kutoka bondeni. Kati ya nyakati hizo mbili kuna muda mfupi ambapo manyoya yamekauka na upepo haujaamka. Uukute kamera yako iko tayari kwenye tripodi. Lielekee jua, ukingo wa lenzi ukiwa umekingwa kwa kiganja, na nyuma ya kishungi pawe na mwamba ulio kivulini. Mwanga ukipenya, kila unyoya hung'aa peke yake juu ya weusi. Kisha piga picha kadhaa ukisogeza fokasi kidogo kidogo, uziunganishe baadaye kwa programu. Picha moja haitoshi kuonyesha kishungi kizima.

Nyasi zinazoziba usizing'oe; zisogeze kwa kidole. Wala usichume kishungi ukakipige picha chumbani pasipo upepo. Huko juu msimu wa kuota ni miezi michache tu, na mbegu hizo bado hazijasafiri.