Wazee wa Beni na Butembo: uzee uliopokonywa kazi

Mzee aliyekimbia Mbau au Eringeti na kufikia kwa mwanawe mjini Beni, mashariki mwa Kongo, hasemi kwamba ana huzuni. Husema mgongo unamuuma, halali usiku, ana mawazo mengi. Atapewa vidonge vya maumivu, au apelekwe kwenye chumba cha maombi. Wengine hujiponya kwa kasiksi, pombe ya ndizi. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa mtu 1 kati ya 7 waliotimiza miaka 60 ana tatizo la afya ya akili. Huku kwetu matatizo hayo yana tarehe.

Tangu Oktoba 2014, mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yamewatoa watu vijijini. Kwa Mnande, mtu wa kabila letu huku, shamba ndilo humpa mzee sauti katika ukoo: ndiye amkatiaye kipande kijana anayeoa, ndiye ajuaye mpaka ulipita wapi. Akishabanwa katika chumba kimoja na wajukuu, anakula asichokilima, na hakuna anayemuuliza jambo. Pensheni hana, kwani CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hulipa waliokuwa waajiriwa.

Kisha ikaja Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, baada ya kuzuka Mangina, na hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Miongoni mwa majeraha yake, lililozungumzwa kidogo ni la matanga. Maiti ilitiwa mfukoni na kuzikwa na watu waliofunikwa hadi macho. Ilibidi, kwa kuwa maiti ya Ebola huambukiza. Lakini bibi aliyezoea kuwaosha wafu wa familia alibaki akitazama kwa mbali, na yule aliyemlilia hakuweza kumgusa. Angalau huko Beni shirika la ALIMA lilileta CUBE, chumba cha plastiki angavu ambamo mgonjwa alionana na kuongea na ndugu zake. Kwa wazee, hilo lilikuwa tiba pia.

Aliyezama katika sonona anahitaji daktari na dawa, tusidanganyane. Ila wengi, naona mimi, wamepungukiwa na kazi ya uzee. Mfano upo: huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, akawafundisha kuketi kwenye benchi na kusikiliza wenye dhiki. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wanande tuna kyaghanda, baraza la wazee, hivyo benchi tunalo tayari. Kilichokosekana ni mafunzo na posho kidogo.

Mkimbizi anapoandikishwa huulizwa ana watoto wangapi. Karani angeongeza swali moja tu, kijijini ulikuwa nani, angepata wakunga, wasuluhishi wa mipaka na waimbishaji wa kanisa, wote wameketi uani bila shughuli.