BEGONIA HUFA KWA MAJI MENGI



Wengi wenu mmeliona ua linaloitwa begonia. Hupandwa kwenye makopo na kuwekwa barazani. Kulitambua si kazi. Tazama jani lake: upande mmoja ni mpana kuliko upande wa pili. Karibu begonia zote ziko hivyo.

Jina hilo lilitolewa na Charles Plumier, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, kumheshimu Mfaransa mwenzake, Michel Bégon. Leo zinajulikana aina zaidi ya 2,000 duniani. Hata Tanzania zipo za porini. Katika misitu ya Kilimanjaro na Uluguru iko moja inayotambaa juu ya miti. Hata ng'ambo ya ziwa letu, katika milima ya Kivu, ipo. Hiyo tuiache huko huko. Imezoea ukungu na baridi. Ukiileta Katubuka itakufa bure.

Za kupanda nyumbani zinatofautiana kwa mizizi na mashina.

Ya kwanza ina mizizi myembamba na majani madogo yanayong'aa. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Hutoa maua mekundu, meupe au ya waridi karibu mwaka mzima, na huvumilia jua kidogo. Anayeanza aanze na hii.

Ya pili ina shina refu lenye pingili kama mwanzi. Majani yake ni kama mabawa, mengine yana madoa meupe.

Ya tatu ina shina nene linalotambaa juu ya udongo, mfano wa tangawizi. Hii hupendwa kwa majani yake yenye rangi nyingi. Mashuhuri kati ya hizo ilitoka Assam, India.

Iko na ya nne, yenye kiazi. Maua yake ni makubwa sana, lakini hutaka baridi. Kwa joto letu la Kigoma, usipoteze fedha.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo begonia nyingi zinapofia. Mizizi nayo inahitaji hewa. Udongo ukijaa maji siku zote, mizizi huoza. Mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji, basi majani hunyauka. Mwenye ua akiona yamenyauka husema, "Lina kiu," akaongeza maji. Kumbe ndiyo analimaliza! Nimeona kopo lililokaa ndani ya sahani iliyojaa maji, na mwenyewe anasifiwa kwa bidii yake.

Kwa hiyo, kabla ya kumwagilia, tia kidole kwenye udongo mpaka pingili ya kwanza. Kukiwa na unyevu, acha. Kukiwa kukavu, mwagilia udongo, si majani, mpaka maji yatoke chini. Kopo lazima litobolewe kitako. Changanya udongo mweusi, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Ukiwa na chenga za mkaa, tia kidogo. Mvua za Novemba mpaka Aprili zikianza, lisogeze chini ya paa.

Jua la asubuhi ni zuri. Lile la alasiri, linalotupiga kutoka upande wa ziwa, huunguza majani.

Begonia moja yaweza kuzaa nyingi, nawe ukauza miche. Ile ya kwanza na ya pili, kata kijiti chenye pingili tatu, ondoa majani ya chini, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu. Mizizi huota baada ya wiki mbili mpaka nne. Ile ya tatu ni ya ajabu: huota kwa jani. Chukua jani lililokomaa, ligeuze, kata mishipa mikubwa mahali kadhaa kwa wembe safi. Lilaze juu ya mchanga wenye unyevu, mgongo wake ukiwa chini, ulikandamize kwa vijiwe. Funika kwa chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa kitako, uweke kivulini. Baada ya wiki kadhaa, vimche hutokea pale ulipokata. Ile ya pili usiijaribu kwa jani. Mara nyingi hutoa mizizi tu, mche hautoki.

Mwisho, utomvu wa begonia una asidi inayowasha mdomo, na mizizi yake ndiyo mikali zaidi. Weka makopo mahali ambapo watoto wadogo na mbuzi hawafiki.