Nagasaki, Mji wa Mlango Mmoja

Wasikilizaji wetu, atakaye kufuatana nasi katika mazungumzo ya leo na afunue ramani ya dunia, aweke kidole juu ya visiwa vya Japani, kisha akishushe upande wa kusini na magharibi hata afike kisiwa kiitwacho Kyushu. Huko ataona mahali ambapo bahari imeingia ndani ya nchi kama ulimi mrefu, na mwisho wa ulimi huo pana mji wa Nagasaki. Milima imeuzunguka pande tatu. Nyumba zimepanda juu ya milima hiyo safu juu ya safu, na njia nyingi za kuziendea ni ngazi za mawe. Chini ni bandari, yenye maji ya kina na isiyopigwa na dhoruba za bahari kuu.

Kila mwaka wageni wengi sana huja kuutazama mji huu. Vitu vya kutazamwa ni vingi, lakini mtu akivitazama kimoja kimoja bila kujua habari zake atarudi kwao na picha tu. Kwa maoni yetu karibu vyote vimefungwa kwa kamba moja, nayo ni habari ya mlango: nani aliruhusiwa kuingia, nani alifukuzwa, na nani alijificha ndani.

Wazungu wa kwanza kuja hapa walikuwa Wareno, ndio wale wale tuwajuao sisi watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, walioanza kujenga ngome ya Mombasa mwaka wa 1593. Marikebu zao zilitoka Goa katika Bara Hindi kwenda Makau katika nchi ya China, na toka Makau kwenda Japani. Na mwaka wa 1571 zilianza kutia nanga Nagasaki, ambayo siku zile ilikuwa kijiji tu. Kote walikopita waliacha maneno. Sisi tulipata kwao meza, leso, bendera na gereza. (Gereza kwa asili ni kanisa, jinsi lilivyogeuka kuwa jela ni habari ya siku nyingine.) Wajapani walipata pan, yaani mkate, na botan, yaani kifungo. Tena walijifunza kuoka keki ya mayai na sukari iitwayo kasutera, na hata leo mgeni aondokaye Nagasaki bila kuichukua zawadi huonekana kama hakufika.

Pamoja na wafanyi biashara walikuja mapadre, na watu wengi wa Nagasaki wakabatizwa. Watawala wa Japani wakaingiwa na hofu kwamba dini hii mpya ndiyo njia ya kuitwaa nchi. Mwaka wa 1597 mtawala Toyotomi Hideyoshi aliamuru Wakristo 26, Wajapani 20 na wageni 6, watembezwe kwa miguu toka Kyoto hata Nagasaki, safari ya karibu mwezi mzima, wakasulubiwe juu ya kilima cha Nishizaka. Mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 12. Kilima hicho ki karibu na stesheni ya gari la moshi, na tangu mwaka wa 1962 pana ukuta wenye sanamu zao 26, zimesimama kwa safu. Mwaka wa 1614 dini ya Kikristo ilikatazwa katika nchi nzima, na mwaka wa 1639 Wareno walifukuzwa kabisa.

Sasa natushuke mpaka Dejima, kwani hapo ndipo mlango wenyewe. Dejima kilikuwa kisiwa kilichotengenezwa kwa mikono ya watu, kwa kumwaga udongo na mawe baharini, kikamalizika mwaka wa 1636. Umbo lake ni la upepeo uliofunguliwa, na ukubwa wake haukuzidi ekari 4, yaani si zaidi ya shamba dogo la mtu mmoja. Wareno waliwekwa humo kwanza. Walipofukuzwa, Waholanzi waliletwa humo mwaka wa 1641, nao wakakaa zaidi ya miaka 200. Katika miaka hiyo yote Wazungu wengine hawakuwa na ruhusa ya kufanya biashara Japani, na hao Waholanzi wachache hawakuweza kuvuka daraja bila kibali. Mlinzi alisimama darajani usiku na mchana. Ilimpasa mkubwa wao aende mara kwa mara mpaka Edo, mji uitwao Tokyo siku hizi, kumsujudia mtawala na kumpa zawadi.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini walivumilia? Jibu ni faida. Walileta hariri na sukari, wakachukua fedha na shaba. Lakini Wajapani nao walipata kitu kilichozidi sukari. Wakalimani wa Dejima walijifunza Kiholanzi, wakasoma vitabu vya uganga na vya elimu ya nyota, na mwaka wa 1774 waganga wa Japani walitoa kwa lugha yao kitabu cha viungo vya mwili kilichofasiriwa toka Kiholanzi. Elimu ya nchi za mbali ilipenya katika tundu hilo dogo.

Mgeni wa leo hushangaa kuona kwamba Dejima si kisiwa tena. Bahari ilijazwa udongo pande zake, na mji ukakimeza. Lakini wenyeji wamezijenga upya nyumba nyingi na maghala kwa mfano wa zamani, na mwaka wa 2017 waliweka tena daraja upande ule ule lilipokuwapo la kwanza. Inafaa kuingia kwa kulivuka daraja hilo, mtu apate kufahamu jinsi lilivyo fupi.

Wachina pia walifanya biashara hapa, nao ni wengi kuliko Waholanzi. Hekalu lao la Sofukuji, lililoanzishwa mwaka wa 1629, lina malango mekundu yanayosifiwa sana; lakini sisi twapenda zaidi sufuria moja kubwa iliyomo uani, ambayo watawa walipikia uji wa kuwalisha maskini wakati wa njaa katika miaka ya 1680. Karibu na hapo pana daraja la mawe la mwaka wa 1634 liitwalo Daraja la Miwani, kwa sababu matao yake mawili pamoja na vivuli vyao majini hufanana na miwani. Gharika ya mwaka wa 1982, iliyoua watu karibu 300, ililibomoa, na mawe yake mengi yakaokotwa mtoni yakarudishwa mahali pake.

Mlango ulifunguliwa mwaka wa 1859. Wafanyi biashara wa Ulaya walijenga nyumba juu ya kilima cha kusini, na ile ya Thomas Glover, Mskochi, iliyojengwa mwaka wa 1863, ndiyo nyumba ya mbao ya namna ya Kizungu iliyo ya zamani kuliko zote Japani. Wageni husongamana hapo, na mandhari ya bandari ni mazuri kweli. Lakini chini kidogo ya bustani hiyo pana Kanisa la Oura, na habari yake yashinda nyumba ya tajiri yeyote.

Kanisa hilo lilijengwa na mapadre wa Kifaransa kwa ajili ya wageni. Siku ya 17 Machi, 1865, wakulima kadha wa kadha toka kijiji cha Urakami, upande wa kaskazini wa mji, walikuja kana kwamba wanatazama jengo tu. Mwanamke mmoja akamsogelea Padre Petitjean, akamnong'oneza kwamba wao nao ni wa imani ile ile, kisha akauliza sanamu ya Bikira Maria i wapi. Watu hawa walikuwa wameificha dini yao kwa miaka 250, hawana padre hata mmoja. Mzee mmoja alikuwa na kazi ya kutunza kalenda ya sikukuu, mwingine kazi ya kubatiza watoto, na sala zilipitishwa kwa kinywa toka baba hata mwana. Kila mwaka waliitwa nyumbani kwa jumbe wao wakanyage sanamu takatifu, ili waonyeshe kwamba si Wakristo. Wakakanyaga, wakarudi nyumbani, wakaomba toba.

Siri ilipotoka, adhabu ikafuata. Toka mwaka wa 1868 watu zaidi ya 3,000 wa Urakami walihamishwa kwa nguvu, wakatawanywa katika majimbo ya mbali, na mamia wakafia huko. Mwaka wa 1873 waliruhusiwa kurudi. Walikuta nyumba zao zimeharibika, nao wakaanza upya kwa umaskini mkubwa. Hatimaye walinunua uwanja wa yule jumbe, pale pale walipokanyagishwa sanamu, na mwaka wa 1895 wakaanza kujenga juu yake kanisa la matofali. Kazi ilichukua miaka karibu 20.

Siku ya 9 Agosti, 1945, ndege ya Marekani iliyochukua bomu la atomiki ilikusudia kuupiga mji wa Kokura. Mawingu na moshi viliuficha, ikageukia Nagasaki. Huko nako kulikuwa na mawingu, na bomu halikuanguka juu ya mahali palipokusudiwa, bali lilipasuka saa tano na dakika mbili mchana juu ya bonde la Urakami. Hata mwisho wa mwaka ule walikuwa wamekufa watu wapatao 74,000. Katika Wakristo 12,000 wa Urakami walikufa wapata 8,500.

Mgeni hufika huko kwa tramu, yaani magari ya umeme yapitayo juu ya reli barabarani. Wengi hushukia kwenye Bustani ya Amani, kuitazama sanamu kubwa ya mwaka wa 1955, yenye urefu wa futi 32 hivi. Mkono mmoja waonyesha mbinguni, bomu lilikotoka, na wa pili umenyoshwa kwa amani. Sisi twamshauri mgeni atembee pia mpaka hekalu la Sanno. Lango lake la mawe lilikuwa na nguzo mbili. Bomu liliangusha moja, na nyingine ingali imesimama peke yake. Ndani yake pana mikafuri miwili iliyoungua ikabaki vigogo vyeusi, kisha ikachipua, na leo vivuli vyake vyatosha kufunika mkutano wa watu.

Kanisa la Urakami lilijengwa tena mwaka wa 1959. Kipande cha mnara wa zamani kingali kimelala ubavuni mwa kilima kilipoporomokea. Minara ilikuwa miwili, kila mmoja na kengele yake. Kengele moja ilivunjika. Ya pili ilifukuliwa nzima katika kifusi, na waliosalia wakaipiga usiku wa kuamkia Noeli ya mwaka ule ule wa 1945. Kwa miaka 80 mnara mmoja ulikuwa bubu. Kisha Wakatoliki wa Marekani walichanga fedha, kengele mpya ikatengenezwa, na siku ya 9 Agosti, 2025, saa tano na dakika mbili, kengele zote mbili zililia pamoja.