Jua Usoni, Jua Mgongoni

Nani kati yenu amewahi kuona upinde wa mvua saa sita mchana hapa Kasongo? Fikirini vizuri kabla ya kuinua mkono. Hata mvua ikinyesha huku jua linawaka, saa hiyo upinde hautokei angani. Sababu nitawapa njiani, maana leo tunatembea kutoka Kasongo kuelekea Kabambare. Kila mmoja aazime simu yenye kamera, ya kaka au ya shangazi. Kwa miguu ni safari ya siku kadhaa. Sisi tutaikunja iwe siku moja ya hadithi.

Kwanza mjue tumesimama wapi. Mto Lualaba uko magharibi mwa mji wetu, na Kabambare iko mashariki. Kwa hiyo anayekwenda Kabambare, asubuhi jua humpiga usoni, jioni humchoma mgongoni. Watu wa Kabambare huliona jua dakika 4 hivi kabla yetu. Kujua kama jua liko mbele yako au nyuma yako ni nusu ya elimu yote ya kupiga picha za nchi.

Haya, ni asubuhi, jua limechomoza sasa hivi na ukungu bado umelala mabondeni. Piga picha ukilielekea jua: michikichi itatoka myeusi, mtu anayesukuma baiskeli yenye mzigo atatoka kivuli kitupu, na ukungu utang'aa. Sasa geuka utazame ulikotoka. Udongo mwekundu wa barabara, kuta za matofali, shamba la mpunga, vyote vimepata rangi zake. Umesimama palepale, dakika ni ileile, na picha zako mbili hazifanani hata kidogo.

Mtaniuliza, mbona mwanga wa saa hiyo una rangi ya dhahabu? Mwanga wa jua ni rangi nyingi zilizochanganyika. Jua likiwa chini kabisa, mwanga wake hupita katika hewa nyingi sana, karibu mara 40 ya ile unayopita jua likiwa utosini. Humo njiani rangi ya bluu hutawanyika huku na huko, ila nyekundu na manjano hupenya mpaka kwetu.

Simu nayo ina tabia yake: hupima mwanga wa pale ulipogusa kwenye kioo. Gusa anga, kilima kitakuwa cheusi. Gusa kilima, anga litakuwa jeupe tupu. Amua kwanza unataka nini, ndipo uguse. Na ufute kioo cha kamera kwa kitambaa safi, maana vumbi la barabara hii halimwachi mtu.

Saa sita imefika. Mnamo tarehe 9 Machi, na tena tarehe 4 Oktoba, jua hupita juu kabisa ya Kasongo, na kijiti ulichokisimamisha wima karibu hakina kivuli. Kilima kisichokuwa na vivuli huonekana bapa, huwezi kujua wapi kimeinuka na wapi kimebonyea. Basi tule muhogo wetu, tupumzike. Asiyeweza kutulia aingie kwenye msitu wa kando ya kijito, ambako mwanga huanguka vipande vipande kati ya majani.

Saa tisa. Kama si kiangazi cha Juni hadi Agosti, mawingu yamekwisha kupanda. Mvua inapiga, inakatika, na hewa iliyooshwa inaonyesha hata milima ya mbali. Sasa lile swali. Upinde wa mvua huonekana jua likiwa nyuma yako, tena likiwa chini ya nyuzi 42, yaani chini kidogo ya nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Hapa kwetu saa sita jua hupita kipimo hicho siku zote za mwaka. Kwa hiyo upinde wa asubuhi, mpaka saa tatu hivi, husimama upande wa Lualaba. Wa alasiri, kuanzia saa tisa hivi, husimama upande wa Kabambare, mbele yetu kabisa sisi wasafiri.

Jioni fanyeni haraka. Kwetu jua hushuka karibu wima, na nusu saa baada ya kuzama, giza limekwisha kuingia. Ulaya ya kaskazini, ambako mwezi Juni jua huzama kwa mshazari, mpiga picha hupata jioni ndefu. Sisi hatuna anasa hiyo: mahali pa kusimama huchaguliwa mapema.

Kuna kisa cha nchi hii hii juu ya mwanga. Mwaka 1871 msafiri David Livingstone alikuwa huku kwetu Maniema, akaishiwa karatasi. Akawa anaandika juu ya gazeti la zamani kwa wino wa mimea. Tarehe 15 Julai, sokoni Nyangwe, kando ya Lualaba, watu wa wafanyabiashara wa watumwa waliwafyatulia risasi waliokuja kuuza na kununua. Mamia walikufa, wengi wao wanawake. Aliyaandika hayo, lakini wino ukafifia hata maneno yakawa hayasomeki. Baadaye wataalamu walizimulika kurasa zile kwa mianga ya rangi mbalimbali, mingine isiyoonekana kwa macho, wakapiga picha kila mara. Maandishi yakajitokeza, na mwaka 2011 yakawekwa wazi watu wayasome. Karatasi ilikuwa ileile; uliobadilika ni mwanga.

Kazi yenu, basi. Chagueni mahali pamoja karibu na nyumbani, mpige picha asubuhi, mchana na jioni. Jua kali msilikazie macho. Aliye shambani aombwe ruhusa kwanza. Askari, vizuizi vyao, madaraja na uwanja wa ndege msipige picha. Ukitaka kwenda mbali, waulize wazee kama njia ni salama. Mkiniletea picha zenu nitauliza neno moja tu: jua lilikuwa wapi? Atakayeshindwa kujibu, picha hakupiga yeye, ilipiga simu.